Rehema wa Kitabuni Ameombewa Gonja

Mwanangu Nakijwa,

Nakusalimu sana, mimi mama yako, nikiwa hapa Gonja, kwenye benchi la nje ya wodi ya wazazi. Bibi yako anakusalimu. Macho yake yamefifia lakini mdomo ni ule ule, na angejua naandika angeniuliza kama nimekuambia kwamba amekataa kunywa dawa. Amekataa. Baba yako anakusalimu. Siku hizi ni balozi wa nyumba kumi, kwa hiyo anakohoa kwanza kabla ya kusema neno, hata akiomba chumvi. Kaka yako Eliamani na mkewe wanakusalimu, na watoto wao, na yule mdogo aliyekuwa akikuvuta kitambaa cha kichwa sasa anakimbia mwenyewe mpaka kwenye mfereji, wanamfukuzia kila siku. Mume wako anakusalimu, ingawa sijui kama bado niseme wako. Kila Jumapili anavaa shati lililopigwa pasi na kushuka kwenye nyumba moja ya huko chini. Simlaumu. Nakuambia mimi ili usije ukasikia kwa wengine. Migomba uliyoipanda nyuma ya jiko imezaa. Kila tukikata mkungu bibi yako husema, "Nakijwa katuletea."

Mdogo wako Penda hakuweza kutuma salamu. Yuko nyuma ya mlango huu ninaoutazama. Uchungu ulimshika asubuhi, wakati tunapembua maharage.

Kule kwenye kisomo cha watu wazima ulitufundisha kwamba salamu zikiisha mtu aandike kuwa sisi huku ni wazima, mashaka ni juu yako uliye mbali. Leo sitaweza kuandika hivyo, mwalimu wangu. Wewe uliye mbali huna tena la kukupata. Mashaka yote yamebaki huku, yamenikalia mimi hapa kifuani, utaona mwenyewe herufi zangu zinavyolala.

Tulishuka mapema. Niliapa mimba hii ya Penda haitangoja mvua kama yako. Mwezi mzima umepita tangu tufike, tunakaa kwenye banda la akina mama wanaosubiri, tunapika makande, tunaota jua. Baba yako alisema, "Mtakwenda kufanya nini huko muda wote huo?" Nikamjibu tutakaa. Hakubisha. Naye alikuwa ameshika mti wa machela siku ile tulipokushusha wewe, anajua.

Njia ya kushuka ni ile ile, hakuna nyingine. Tulipokaribia lile jiwe wanapotua mizigo, ambapo tulikutua na hukunyanyuka tena, wewe na mtoto wako tumboni, niliogopa Penda asiliangalie. Nikaanza kusema kwa sauti. Nilisema chochote. Kikapuni nilikuwa nimebeba vitabu vyako vya hadithi, vile ulivyokuwa ukivinunua Same na kutuazima darasani, nimevifunga kwenye kanga. Nikaanza kumsimulia cha kwanza, kile chekundu cha mpelelezi, ambacho nilikuwa nimesoma kurasa chache tu, zilizobaki nikazitunga mwenyewe. Tukapita pale jiwe kwa miguu ya haraka, mpelelezi akiwa juu ya bati la nyumba ya mwizi. Penda akasema, "Mama, leo una maneno!"

Basi hivyo ndivyo nilivyogeuka msomaji. Kila siku baada ya kula nawasomea wenzangu wa bandani. Nasoma polepole, kidole kikifuata mstari, kama ulivyonizoesha. Nataka nikuambie nilivyoviona vitabu vyako, maana wewe ulipenda kutuuliza, "Haya, akina mama, mmekionaje?" na sisi tulikuwa tunaangalia chini.

Hicho chekundu nimekimaliza. Sikukipenda, ila sikuweza kukiweka chini. Yule mpelelezi anaingia peke yake kwenye nyumba yenye muuaji, bila taa, bila kumuaga mtu. Nikasema mtu huyu hana mama. Mwandishi hasemi popote anakula nini. Tuna mwenzetu hapa bandani, Mama Shukuru, mke wa mkata mkonge, kwao ni Kigoma. Alinikatiza katikati ya mbio za magari: "Ngoja kwanza, mama. Shati lake jeupe limerukiwa na damu jana. Leo ni jeupe tena. Nani anafua?" Tukacheka mpaka mkunga akaja kuangalia. Lakini kitabu chenyewe kinakufundisha kumshuku kila mtu. Mimi nilimshuku mpishi, kumbe ni mwanasheria. Nilimwomba radhi yule mpishi moyoni. Na tangu nikisome naegemeza mchi kwenye mlango wa banda.

Cha pili ni kile cha kijiji cha ujamaa, chenye picha ya trekta. Hicho kimeandikwa vizuri, maneno yake yanatiririka, na mama mkwe aliyemo humo nadhani mwandishi amewahi kuishi naye. Ila katika kijiji chake hakuna anayechelewa shambani, hakuna anayeumwa mgongo, wanapalilia huku wanaimba mpaka jua linatua. Mama Shukuru akasema, "Waje waimbe kwenye mkonge tuwasikie." Mimi nikafikiria tunavyogombania zamu ya maji kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia, baba yako anavyokohoa katikati ya ugomvi na hakuna anayemsikiliza, nikasema mwandishi huyu angekuja kwetu siku moja tu ya kiangazi.

Kuna mahali humo niliparuka, sikuwasomea. Kuna bibi kizee anahamishwa kwenda kijiji kipya, na amezika mwanawe kwenye kiwanja cha zamani. Mwandishi anasema aliliaga kaburi akapanda lori. Basi. Mstari mmoja! Nilikaa na kile kitabu mapajani. Mtu anayelimaliza kaburi la mtoto kwa mstari mmoja hajawahi kuzika, Nakijwa. Au amezika, na ameogopa kuandika wa pili. Sijui. Tangu hapo nikisikia lori linapanda huku Gonja naona kama limekuja kutuhamisha tukuache peke yako kwenye migomba. Baba yako akija kututazama anasema sisi wa milimani hatuhamishwi, tumeshajazana vya kutosha. Namwomba aseme tena.

Sasa cha tatu, na hicho ndicho kilichonimaliza. Ni kile chenye jalada lililochanika, cha yule msichana mwalimu, Rehema. Jamani, Rehema! Tulimpenda wote. Anavyojibizana na shangazi yake, anavyokataa mahari yake isigeuzwe mnada, anavyocheka kwa kufunika mdomo. Wewe ulikuwa unacheka hivyo. Tulipofika alipoolewa, Mama Shukuru alipiga vigelegele, wagonjwa wa wodi ya pili wakadhani kuna aliyejifungua mapacha.

Halafu Rehema akapata mimba. Nikaanza kuogopa. Nikawa najitenga pembeni na kitabu, nachungulia kurasa za mbele kabla sijawasomea, kama mtu anayeonja chakula kisije kikawa na sumu. Nikakuta uchungu umemshika, mvua inanyesha, gari limekwama. Nikakifunga. Sikuthubutu kuendelea.

Uzuri wa vitabu sikuujua, lakini ubaya wake nimeujua sasa. Huyo mtu yuko hapo anateseka, nawe kidole chako ndicho kinachomsogeza. Ukiacha, hafi. Ukisoma, huenda akafa. Nikawadanganya wenzangu. Nikashika kitabu wazi, macho kwenye mstari, nikasema gari limenasuka, Rehema amefika, amejifungua salama, mtoto wa kike, kilo nzuri. Wakashangilia. Penda alinitazama tu. Na wale wawili watatu waliokufa kwenye vitabu vya nyuma, nikukiri, wote niliwaponya. Hata mlinzi wa kile kitabu chekundu yuko hai kwa upande wangu.

Lakini nilijua nimemwacha Rehema barabarani. Jana kwenye sala ya asubuhi ya hapa hospitali mwinjilisti akauliza nani ana ombi. Nikasimama. Sijui nini kilinisimamisha, maana mimi si wa kusimama. Nikasema, "Tumkumbuke Rehema, ana uchungu tangu jana na hajafika hospitali." Kanisa zima likainama. Mwinjilisti aliomba kwa nguvu mpaka jasho likamtoka, akaombea na gari, akaombea na dereva. Akina mama wanalia. Mimi pia nalia. Nilijua ni wa kwenye karatasi, sikuwa nimechanganyikiwa, mwanangu, ila niliona maombi yale yakimfaa Rehema yatamfaa na Penda, na jina la Penda lenyewe niliogopa kulitaja.

Tulipotoka, muuguzi mmoja akanifuata mbio. "Mama, huyo Rehema yuko wapi? Tumtumie gari?" Ardhi haikupasuka nikaingia. Ikabidi niseme. Akaniambia, "Haya. Basi na sisi tumefanya kazi." Habari ikafika bandani kabla yangu. Mama Shukuru akanipokea, "Shikamoo mama Rehema! Mjukuu hajambo?" Penda alicheka, alicheka akishika tumbo kwa mikono miwili, mpaka nikamwambia aache, ataumia.

Alipotulia akaniambia neno. Akasema, "Mama, Rehema anakufa. Dada alinisomea kitabu hicho chote nikiwa shule. Na mlinzi anakufa. Wote najua." Nikauliza kwa nini aliniacha nidanganye mwezi mzima. Akasema, "Ulikuwa unanipitisha penye jiwe." Kumbe siku ile njiani aliliona. Aliliangalia, akalisalimu kimoyomoyo, mimi nikipiga kelele na mpelelezi wangu. Kisha akasema, "Mimi Rehema hanitishi, mama. Kinachonitisha ni uso wako ukiwa unaniangalia mimi unamwona dada."

Nikaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Niliporudi alinipa kitabu mkononi. Akasema kama wewe ulivyokuwa ukisema mbele ya darasa zima, nilipokuwa nikikisia maneno magumu na wanawake wakinicheka, nami nikikuita Mwalimu na wewe ukiona haya: "Mama, usikisie. Soma kilichoandikwa." Sauti ilikuwa ya kwako, Nakijwa. Nikaogopa upya, nikajiuliza kama umeshafika kumchukua.

Nikafungua. Nikasoma kwa sauti mpaka pale anapouliza kama mvua imekatika. Hapo nikakishusha kitabu mapajani. Penda akasema, "Basi, tutamalizia kesho." Kesho ndiyo leo. Kitabu kiko hapa kwenye benchi, kipande cha kanga kimewekwa kwenye ukurasa ule ule. Mwisho sijausoma.

Sasa nisikilize, mwanangu, kwa sababu haya ndiyo niliyokuja kuandika, mengine yote nilikuwa nazungukazunguka. Usimwite mdogo wako. Najua mlipendana. Najua mlilala kitanda kimoja mkigombania blanketi, na huko uliko pengine upweke unakushika, na una mtoto wa kulea bila msaidizi. Mimi nakuja, si muda mrefu, nitakusaidia mtoto. Bibi yako naye yuko njiani, ndiyo maana hataki dawa. Lakini Penda mwache. Akikuita huko ndani kwa maumivu usimwitikie. Nyamaza tu. Mwache aitike mkunga.

Mkunga ametoka mara moja, ameniambia, "Bado, mama, anajitahidi." Namtazama uso kama ninavyochungulia kurasa. Sioni kitu. Mama Shukuru amekaa ubavuni kwangu na tumbo lake, ameshika ncha ya kanga yangu. Mvua hakuna, nimeangalia juu tena na tena. Mbingu ni nyeupe tu.

Nakuahidi hivi. Tukipanda kurudi nyumbani sitapita mbio pale penye jiwe. Nitatua mzigo, nikae, Penda akae, na aliyebebwa akae. Kisha nitakuja kwako kwenye migomba na kitabu cha Rehema, nikusomee mwisho wake mpaka neno la mwisho, kama ulivyoandikwa, nisimponye mtu. Nitalia lakini nitasoma. Utaniuliza nimekionaje na mara hii sitaangalia chini.

Kwaheri, Mwalimu. Kwaheri, mwanangu wa kwanza. Lala, mshike mtoto vizuri.

Nijibu upesi. Usinijibu kwa ndoto, ndoto zako zinanitisha. Nijibu kwa mlango huu, kwa kilio cha mtoto mchanga, na sauti ya Penda nyuma yake ikilalamika kwamba ana njaa. Nimeacha makande motoni. Upesi, Nakijwa, niko hapa hapa kwenye benchi.

Mimi mama yako.