Kompyuta Aliyosemea Baba

3 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo huko? Mimi mzima wa kujikokota. Baba ni yuleyule: sauti haijarudi, mkono wa kushoto umekufa ganzi, wa kulia umebaki na kidole kimoja kinachosogea. Anabonyeza herufi, kompyuta inazisoma kwa sauti, nasi tunamjibu. Sasa nayo inazimika. Jana alikuwa anamweleza daktari panapomuuma, ikazima katikati ya neno.

Najua hamjasemezana miaka sita, tangu uache ualimu ukashika bisibisi naye akakufungia mlango. Lakini fundi ni wewe. Nifanyeje?

Dada yako

5 Machi

Dada, shikamoo. Pole na kuuguza.

Kuzimika ghafla mara nyingi ni joto. Kama inakaa juu ya blanketi, matundu ya hewa yameziba. Iweke kwenye ubao. Kisha fungua skrubu za chini, ushikilie feni isizunguke, utoe vumbi kwa brashi laini. Prosesa ndiyo ubongo wake. Ikichemka inajizima isiungue. Kati yake na chuma cha kuipoza kuna dawa ya kijivu. Ikiwa imekauka, mtu aipanguse na kutia tone jipya, kama punje ya mchele.

Usimwambie Baba nimeandika.

Mdogo wako

14 Machi

Mdogo wangu, u hali gani?

Vumbi lilitoka kama pamba ya mto. Dawa alipaka fundi wa mtaani. Siku mbili ikatulia, Baba akapata nafasi ya kuniita mvivu, nikacheka mpaka machozi. Siku ya tatu ikazima asubuhi ikiwa imepoa kabisa. Sasa haimalizi dakika nne, skrini inageuka buluu.

Juzi alikuwa anaandika kitu huku amezima sauti nisisikie. Ikazima. Akaanza upya. Ikazima. Mara tano, na kidole kimoja. Mwisho akaisukuma kwa kiwiko.

Nimekutumia hiyo kompyuta kwa kifurushi. Nimemchorea herufi kwenye kadibodi, lakini akifika ya tatu amechoka.

Dada yako

29 Machi

Dada, shikamoo. Natumaini unapata hata saa moja ya kulala.

Nimebadilisha kadi za kumbukumbu, haikusaidia. Joto lake ni la kawaida. Ila nikiipa hesabu nzito inakufa palepale, kila mara. Ni prosesa yenyewe, nayo imechomelewa kwenye bodi, haichomoki. Nimeihangaikia wiki nzima kana kwamba sijui. Diski ni nzima. Nimeihamishia kwenye mashine nyingine, naituma leo.

Nilifungua mafaili kuhakikisha. Lipo moja lililojihifadhi lenyewe tarehe 12. Linasema: "Mwanangu fundi, siku ile nilipokufungia mlango nili"

Basi. Nimeipekua diski yote, hakuna herufi nyingine. Nili nini, Dada? Muulize.

Mdogo wako

17 Aprili

Mdogo wangu,

Sijui nikusalimieje leo. Mimi nipo.

Mashine ilifika tarehe 6. Ni nzuri, haizimi. Kidole cha Baba kiliacha kusogea tarehe 2. Nilimpakatisha hata hivyo, nikamwekea mkono juu ya vitufe, ukakaa tu pale nilipouweka.

Nikamsomea ile sentensi. Nikamwambia, "Baba, fumba macho kama ni ndiyo. Ulijuta?"

Akafumba. Nikashika simu nikupigie. Kisha moyo ukanisuta, nikarudi kitandani. "Baba, hukujuta?"

Akafumba vilevile.

Nikamuuliza kama mimi ni mbuzi. Akafumba. Daktari anasema kope zinaanguka zenyewe sasa, na kwamba hajui anasikia kiasi gani. Kama unakuja, njoo wiki hii, ingawa hata mimi siwezi kukuahidi utakachokikuta.

Nimekaa na barua hii siku kumi. Ningeweza kuishia kwenye ile ndiyo ya kwanza, nawe usingejua maisha yako yote. Mara mbili nimeiandika hivyo, nikaichana. Umeniuliza nili nini. Mdogo wangu, sijui.

Dada yako