Kikohozi cha Kuzinduka

Ifakara, Jumanne, Aprili 1996. Mvua imenyesha tangu alfajiri, mabati ya chumba cha upasuaji yamepiga kelele hadi mchana. Nimefurahi leo, na furaha yenyewe inanisumbua.

Kazi yangu ni kuwalaza wagonjwa usingizi na kuwaamsha. Kuwalaza siogopi. Ninachoogopa ni kikohozi cha kuzinduka, pale mrija wa kupumulia unapotoka kooni. Daktari wetu hukandamiza kidonda kwa viganja viwili, akageuza uso pembeni na kusubiri.

Mwezi uliopita mzee mmoja wa Chita alikohoa hadi nyuzi za mshono wa henia, yaani ngiri, zikaachia. Nilichelewa kumvuta makohozi. Nilimvuta usingizi umeshaanza kumtoka, mpira wa kuvutia makohozi ukamchokoza koo. Aliporudishwa mezani kushonwa upya aliniambia, "Pole na kazi, sista." Sijamwambia mtu kwamba kosa lilikuwa langu.

Leo kaja mkulima wa Michenga, henia kubwa, kifua kinakoroma.

"Shikamoo baba. Sigara unavuta?"

"Marahaba. Nimeacha."

"Lini?"

"Leo asubuhi."

Basi nikamvuta makohozi mapema, akiwa bado amezama usingizini. Halafu, dakika chache kabla ya kutoa mrija, nikamchoma mshipani lignokeni kidogo, ile dawa yetu ya ganzi, kama nilivyosoma kwenye jarida moja kuukuu. Daktari aliniruhusu shingo upande. Mrija ukatoka. Baba akameza mate, akafumbua macho.

Hakukohoa.

Daktari akaisifia dawa mbele ya wote, na mimi nikazipokea sifa. Lakini nimebadilisha mambo mawili kwa mpigo, kama mpishi aliyetia chumvi na ndimu pamoja, kisha anaulizwa ni kipi kimekoleza mchuzi. Ni dawa? Ni kuvuta mapema? Au ni bahati tu ya baba wa watu?

Kama ni kuvuta mapema, basi nyuzi za yule mzee wa Chita zisingeachia, hata bila dawa yoyote, kwa mimi kuwahi tu. Hilo linaniuma.

Njia ya kujua ni rahisi: niache jambo moja, nione.

Kesho zamu ni ya mama mmoja wa Kiberege, naye ana henia. Jioni nimempitia wodini, akaniuliza kama atawahi kuvuna mpunga wake. Nimekaa hapa na kalamu, natamani sana kujua, na kila nikichagua la kuacha naliona tumbo lake, nyuzi zikiachia.

Nitafanya yote mawili, na nitabaki sijui.