Nilimnunulia Mke Wangu Kura za Mashine

Shangazi mshauri, shikamoo. Kabla hujanigombeza nisikilize hadi mwisho, maana jambo nililifanya kwa mapenzi na sasa limenikaa kooni kama mwiba. Mimi ni fundi wa mafriji, mke wangu yuko mapokezi kwenye kliniki ya meno, na jioni hufuma sweta za watoto wachanga, mkono wake si wa mchezo, basi akaweka picha kwenye jukwaa la mtandaoni ambako posti yenye kura nyingi ndiyo hupanda juu, akapata kura tatu, moja yangu, moja ya shemeji, na ya tatu aliibonyeza mwenyewe kwa bahati mbaya. Akawa mnyonge wiki nzima. Nikaingiwa na huruma, nikamtafuta kwa siri muuza kura za mashine, zile zinazopigwa na akaunti bandia zisizo na mtu, nikalipa, na kabla chai haijapoa zikaingia kura mia sita, mke wangu akanikumbatia nikiwa na spana mkononi, nikajiona mume wa maana, nikawa nalipia kila posti.

Wiki zikapita, hanunui mtu. Pongezi zimejaa, zote "kazi safi mkuu", isipokuwa mama mmoja aliyeuliza kama shingo inafunguka begani kwa kuwa mwanawe ana kichwa kikubwa, swali lake likazama humo humo, hakuna aliyemjibu. Juzi nimemkuta mke wangu sakafuni anafumua sweta ya bluu aliyoifuma siku tisa. Nikamuuliza kulikoni.

"Watu mia sita wameipenda na hakuna hata mmoja anayeitaka," akasema. "Basi kasoro iko mkononi mwangu."

Nikamsaidia kukunja uzi, Shangazi. Jumamosi anataka kugawa nyuzi zote kwa mwenzake wa kazini. Muuzaji ananiambia mia sita ni chache, niongeze. Niongeze, au nikiri?

Fundi Baridi

Fundi Baridi, marahaba. Kwamba unampenda mkeo sina shaka. Ila hapo kwenye kukunja uzi umenikera. Mwenzio anavilaumu vidole vyake kwa kosa lako, nawe unamshikia bonge la uzi.

Umeuliza kama uongeze kura za kulipia. Posti inapanda, ndiyo, kwa muda mfupi. Lakini mashine haizai, haina mtoto wa kumvika sweta. Na wasimamizi wa jukwaa wakishtuka, atakayefungiwa ni mkeo, si wewe. Huyo muuzaji atakwambia uongeze mpaka uzeeke, kwa sababu katika biashara yote hii aliyepata mteja ni yeye.

Usiongeze hata moja. Mwambie mkeo, tena usianze na "nilifanya kwa kuwa nakupenda", hiyo iweke mwisho. Sema hivi: "Kura nilizinunua mimi. Sweta zako hazina kosa, watu hawajaziona bado." Kisha nyamaza. Atakasirika, ni haki yake, na ukinuniwa wiki nzima usijitetee.

Akishapoa, futeni posti zile, ila kwanza mjibuni yule mama na mumwombe radhi kwa kuchelewa, huyo ndiye mteja. Halafu mkeo amwombe daktari wake ruhusa atundike sweta moja pale mapokezi, wanapopita wazazi wenye macho na watoto wenye baridi.

Jumamosi haiko mbali. Acha simu, ingia ndani, kaa mbele yake, useme.