Houston au Columbus, Baba Salim

Baba Salim,

Asubuhi bado naamka na shikamoo yako mdomoni, halafu naukuta mto mtupu. Eda yangu ilikwisha siku tisa zilizopita. Nimeoga, nimevaa kanga ya rangi, majirani wamekuja kula halwa na kunywa kahawa. Sasa nina jambo la kukwambia, na nimekasirika, kwa hivyo nisikilize mpaka mwisho. Ulipokuwa hai ulikuwa na tabia ya kuinuka katikati ya maneno yangu.

Kwani nani alikutuma uwausie wanao juu yangu? Umelazwa hospitali Nizwa, miye nimerudi nyumbani kukupikia uji, wewe nyuma yangu unampigia simu Salim kule Houston na Nassor kule Columbus, unawaambia mama yenu asibaki Ibra peke yake, mmoja wenu amchukue Amerika. Mimi hukuniuliza. Ndivyo ulivyonitoa Malindi ya Unguja kwa mama yangu, ukisema tunakwenda Omani mwaka mmoja tu, tukatazame. Mwaka ule umeshapata wajukuu, bwana. Nililia sana Ibra hii, na joto lake, na wanawake walionicheka Kiarabu changu. Halafu nikaizoea. Siku hizi Jumatano, kwenye soko la wanawake, wananiwekea pa kukaa kabla sijafika, na nikichelewa wananipigia simu. Ulilijua hilo.

Wakaja wote wawili, wiki ya mwisho ya eda. Nilifurahi, sikufichi. Miye nimekaa chumbani, mlango nimeurudishia, wao wako sebuleni chini ya zile saa mbili ulizozitundika, moja ya Houston na moja ya Columbus, upate kujua nani amelala na nani ameamka. Wakaanza kuzungumza habari yangu kwa Kiingereza. Wamesahau kuwa mama yao alisomeshwa Kiingereza Unguja, tena kwa bakora.

Nikasikia Columbus, Houston, Columbus, Houston. Nikasema moyoni, wananigombania. Nikakumbuka mchezo wetu baada ya chakula, umeshika simu unanionyesha picha za huko, unaniuliza, "Ungekuwa wewe, ungekaa wapi?" Nami nasema Columbus, nikaione theluji. Nawe unasema, "Utaganda, bibi wee, twende Houston kuna joto kama kwetu." Tulicheka kama watoto. Basi na siku ile pale kitandani nikaanza kuchagua tena, peke yangu.

Kisha nikasikiliza nani anasema nini. Aliyekuwa akiisifu Columbus ni Salim, wa Houston. Ati Columbus kuna Wasomali wengi, nyama ya halali iko mlangoni, msikitini mama atapata wa kuzungumza naye. Na nyumba yake yeye ina ngazi, na mama ana goti. Aliyekuwa akiisifu Houston ni Nassor, wa Columbus. Ati Houston joto, hakuna barafu ya kumwangusha mama akavunjika nyonga, na huko kwake yeye na mkewe wanashinda kazini. Kila mmoja alikuwa akinisukuma kwa mwenziwe, kwa adabu, kwa sauti ya chini, mpaka kahawa niliyowapikia ikapoa.

Ningekuwa huru ningevaa buibui nikatoka, hata kwa jirani tu. Lakini eda yako ilinifunga ndani. Nilikaa na tasbihi mkononi, nisisome chochote.

Wao siwalaumu sana. Wana maisha yao, na sisi wenyewe ndio tuliowapeleka huko. Nakulaumu wewe. Ulikufa na raha yako, umeamini umeniacha mikononi mwa watu, na miye ndiye niliyebaki kuyasikia yale.

Siku eda ilipokwisha Salim alinibusu kichwa akaniuliza, "Mama, roho yako inapenda wapi?"

Nikamwambia, "Hapa."

Nilitaka abishane. Wallahi, Baba Salim, nilitaka abishane japo kidogo, aseme haiwezekani, anune. Nassor akasema upesi, "Basi, Mama, hatukulazimishi." Walijaribu kuhuzunika, lakini nyuso zile nimeziosha mimi, nazijua. Mchana ule Salim alikula sahani mbili za wali. Siku ya tatu wakaondoka.

Kwa hivyo nimepata nilichokitaka. Nina nyumba yangu, nina kitanda changu, nina Jumatano yangu. Nami nalia kama niliyefukuzwa.

Jana nilipanda juu ya kiti, na goti hilihili, nikazishusha saa zako nikazirudisha zote mbili kwenye saa za Ibra. Usinigombeze.

Lala, Baba Salim, Mungu akupe nuru huko uliko. Nakuahidi jambo moja. Jumatano sokoni wataniuliza mbona sikwenda Amerika. Nitawaambia wanangu walinigombania, huyu anavuta huku na huyu anavuta kule, mpaka nikawakatalia wote wawili wasije wakakosana kwa ajili yangu. Nitasema hivyo, na uso mkavu, mpaka siku nitakayoletwa hapo ubavuni pako. Ukweli unaujua wewe tu, na wewe sasa huna wa kumwambia.

Mkeo,
Mama Salim