Aprili Ikae Juu ya Aprili

Sanyuanli,
Guangzhou, China.
10 Agosti 2008.

Mpendwa kaka yangu Respicius,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako Albina. Mguu wa Ma Odilia unaendeleaje? Na wewe kifua kimepona, au bado unafundisha huku unakohoa? Mimi ni mzima, ila joto la huku linamtoa mtu jasho hata akiwa amekaa.

Barua yako ya mwezi wa sita niliipata. Umeniambia nifunge virago nirudi Bukoba kabla sijafukuzwa. Nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekasirika. Sirudi. Ngoja nikueleze.

Unajua mimi ni karani wa Zubeir, yule Mzanzibari anayesafirisha mizigo ya wafanyabiashara wetu. Tangu Aprili polisi wanapanda ngazi za jengo letu kukagua pasipoti na viza. Wakija, wateja wote wanapotea, hata wenye karatasi safi. Basi mwezi uliopita meneja wa jengo, tunamwita laoban Liang, yaani bosi Liang, akatuambia mkataba wa ofisi ukiisha Agosti hauongezwi. Eti biashara ya Waafrika imekufa yenyewe tangu mwanzo wa mwaka.

Nikasema huyu nitamjibu kwa Python, ile lugha ya kompyuta uliyonifundisha. Nikachora grafu mbili kwenye karatasi moja: juu misako, chini mizigo tuliyopeleka bandarini Nansha kila wiki. Nikamtandikia mezani kwa maringo.

Kaka, niliumbuka! Mizigo niliiandika tangu Januari, misako tangu Aprili, na programu ikaipa kila grafu mhimili wake wa tarehe, kisha ikazitanua zikalingana upana. Na mimi, kwa kutaka picha ipendeze, nilikuwa nimefuta tarehe za grafu ya juu. Misako mikubwa ya mwisho wa Aprili ikaangukia juu ya Februari, wiki za Mwaka Mpya wa Kichina, wakati hata maghala yao yamefungwa. Liang akaweka kidole hapo, akacheka. "Police meiyou! New Year, pengyou, New Year!" Yaani hakuna cha polisi, rafiki, ni Mwaka Mpya tu. Zubeir akaniangalia, akasema, "Bi Albina, hii picha yatusuta wenyewe." Nilitamani ardhi inimeze.

Kesho yake nilipekua daftari lako mpaka nikalipata neno lenyewe: sharex. Unaiambia grafu ya chini itumie mhimili uleule wa tarehe wa grafu ya juu, basi, Aprili inakaa juu ya Aprili. Neno moja tu, na kulikosa kulinitia aibu yote ile!

Nikarudi kwa Liang bila kuitwa. Safari hii alichukua rula, akaishusha kutoka msako wa kwanza hadi chini. Mizigo imeanguka wiki ileile. Akaisogeza rula kwenye msako wa pili, ikawa vilevile. Lakini nilichotaka akione ni hiki: wiki mbili baada ya kila msako mstari unapanda, na mara mbili umepita pale ulipokuwa. Tunaangushwa, ndiyo. Kufa hatujafa.

Hakucheka tena. Tuliomba mwaka, ametupa miezi minne. Tumeichukua hiyohiyo.

Picha yenyewe nakutumia humu kwa mkono wa Salvatory, anayesafiri wiki hii. Viza yangu inaisha Oktoba, na usianze kunihubiria. Najua watu wanavyokataliwa siku hizi, naogopa, na foleni ya kuomba nyingine nitapanga. Sasa tazama upande wa kulia wa picha. Mhimili nimeuvuta hadi Desemba, na pale hakuna kitu. Usidhani nimekosea tena. Wiki zile nitazijaza mwenyewe.

Nisalimie sana Ma Odilia, shemeji Goodness na mjomba Theophil. Mungu awafunike kwa mkono wake, akuponye na hicho kikohozi.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukiniudhi,

Albina