Kurasa za Kisimani

Maskati, 2 Novemba 1969

Mama yangu mpenzi, Bi Rahila,

Leo ni mwaka wa tano na ushei tangu nikuage Mombasa. Naleta shikamoo yangu mbele ya mambo yote, na namuomba Mungu barua hii ikukute mzima, lile goti limepungua kuvimba, na dada Muhsina na wanawe hawajambo. Mimi nna uzima, ila meno mawili ya mbele sinayo tena. Kwa nini sinayo, utaona.

Muhsina ameniandikia kuwa habari imeshafika huko: Harub yumo gerezani kwa kumuua Bakhit. Anasema watu wanakwambia sinema ndiyo iliyomtia wazimu mwanao. Mama, wa kukueleza ni mimi. Tulitoka watatu nyumbani kwako, na aliyebaki nje ni mimi peke yangu.

Bakhit alikuwa msimamizi wetu wa kuunga mabomba hapa kambi ya mafuta. Ya ndugu yetu Amur unayajua. Waligombania kivuli cha lori wakati wa jua kali, Bakhit akampiga spana ya kichwa, na mwanao hakuinuka. Kwa wakubwa akaapa kuwa Amur ameanguka mwenyewe, wakamsadiki. Mimi na Harub tulioona tukaambiwa tunasema hivyo kwa kuwa ni ndugu. Tangu siku ile Harub akilala na kisu chini ya mto.

Basi Mzungu mmoja mpima ardhi alikwenda kwao akaacha kitabu cha riwaya. Wenzetu wa Unguja, Kiingereza hawakijui, wakanishika niwasomee kwa hiki changu cha darasa la saba. Baada ya Isha wanakaa kwenye majamvi, macho yangu yanasoma Kiingereza, mdomo unatoa Kiswahili. Kisa chenyewe ni cha mchunga ng'ombe aliyeuliwa mdogo wake na tajiri mmoja, akamfuata muuaji jangwani siku nyingi. Muslim, mpishi wetu, akiniambia nikimaliza mahali pabaya chai sipati. Na Harub ndiye aliyekuwa wa mwanzo kukaa.

Tulipofika mwisho niliwasomea kuwa yule kaka alimkuta adui yake kisimani, taabani kwa kiu, akamtekea ndoo, akamnywesha, akarudi kwao. Muslim akanicheka, akasema huyo si mwanamme, ni bibi harusi. Harub hakucheka. Alilia mpaka kanzu ikarowa. Asubuhi akampa Muslim kile kisu, akamwambia akatie vitunguu. Nikasema alhamdulillahi, ndugu yangu amepona.

Alhamisi moja, miezi miwili iliyopita, wakubwa wakaleta sinema. Ikawambwa shuka baina ya nguzo mbili, tukakaa mchangani. Mara Muslim akanipiga kiwiko: kisa ndicho kile kile, farasi wale wale, jangwa lile lile. Watu wakashangilia, wakawa wanawatangulia Wazungu kwa kusema litakalokuja. Mpaka kisimani. Pale yule kaka akamshika adui yake kosi, akamtia kichwa katika birika la ng'ombe, akakibana mpaka miguu ikatulia. Muda wa kuwasha sigara tu. Kisha muziki, akapanda farasi, kambi nzima ikapiga makofi.

Wetu wakakasirika. Wakasema watu wa sinema wamekiharibu kitabu, damu ndiyo inayowauzia tiketi. Muslim akabisha, akasema kitabu ndicho kilichokuwa legelege na sinema imekitengeneza, na kama mimi ningekuwa na haya ningewaomba radhi kwa niaba ya aliyekiandika. Wakazozana karibu ya kupigana. Harub akaniuliza kwa sauti ndogo, ipi ya kweli. Nikamwambia ya kitabu. Akanitazama usoni sana, akaenda zake kulala.

Asubuhi ya Ijumaa Bakhit alikuwa anakosha uso kwenye birika la kambi. Niliposikia makelele nikakimbia, nikamkuta Harub kamshika kosi vile vile. Lakini Mama, haikuwa kama kwenye shuka. Ilichukua muda mrefu. Bakhit alikuwa akipata kutoa kichwa anamwita mama yake. Alijinyea. Nilimvuta Harub, akanipiga kisigino cha mdomo, meno yakaenda. Tulipombandua, Bakhit alikwisha kufa, nywele zinaelea.

Sasa nakuambia nisilomwambia mtu. Sinema haikusema uwongo. Kitabuni pia alimzamisha. Ile ndoo ya maji niliitunga mimi, kwa kumuogopea Harub. Na baya zaidi ni kuwa kitabu hakikuishia kisimani kama sinema. Kiliendelea kurasa nyingi. Yule kaka alirudi kwao akawa hawezi kunywa maji, kila akiinamia kata anaona nywele. Mkewe akimchovyea kitambaa na kumkamulia mdomoni kama mtoto. Akakonda mpaka akafa. Kurasa hizo nilizisoma peke yangu, nikaona aibu na hofu, nikazificha pamoja na zile za kisimani. Harub akapata kwangu msamaha usiokuwemo, na kwenye sinema akapata kuua kusikokuwa na kesho yake.

Juzi waliniruhusu kumuona. Kafungwa pingu za miguu. Akaniuliza, yule wa kitabu alipofika kwao alikuwaje. Nikamwambia yote. Akasema, ungenisomea, Aflah.

Amri iko kwa baba yake Bakhit, kutaka roho ya Harub au kusamehe. Kesho nakwenda kwao milimani. Sitamtungia kitu mzee yule. Nitamwambia mwanawe alivyokufa na Amur alivyokufa, kisha nimuombe.

Msalimie Muhsina, Bi Sayyida wa jirani, na wote wanaoniuliza. Nisamehe, Mama, na utuombee dua katika mwezi huu unaoingia. Hukumu wamesema ni baada ya Idi. Nitarudi Mfungo Mosi, nikiwa na Harub au bila yake.

Mwanao,
Aflah