Sarafu ya Tembo Uliyosema Umeiyeyusha

Fundi Salehe,

Tangu tukuzike nimekuwa nikifungua duka letu la usonara hapa Mtendeni kila asubuhi, na kila mteja aliyeingia nilimwambia hajatokea sonara mwaminifu kama wewe. Wiki iliyopita niliacha.

Unaikumbuka sarafu ya mama yangu, ile ya dhahabu yenye tembo, aliyoachiwa na babu. Alipohamishiwa kijiji cha ujamaa kule Usoke alihitaji mabati, akaniuliza aiuze wapi. Nikamwambia, "Twende kwa fundi wangu, yule ni baba kwangu." Ukaipokea, ukaigeuza, ukamwambia, "Dada, dhahabu ni uzito. Picha ni pambo tu." Mzani niliushika mimi, Fundi. Kesho yake ukaniambia umeshaiyeyusha.

Sasa amekuja daktari wa misheni, anataka nimtengenezee kikasha cha sarafu yake. Akaifungua kwenye leso. Tembo yule yule, na ukingoni mkwaruzo ule ule alioufanya kaka yangu kwa msumari tulipokuwa wadogo. Nikamuuliza kaipata wapi. Akasema kwako. Akanieleza kwamba zilitengenezwa hapa hapa Tabora Wajerumani walipozidiwa na vita, zimebaki chache, wakusanyaji wanazitafuta. Na wewe ulilijua hilo vizuri. Mlivutana bei siku tatu. Alichokulipa kingetosha kuezeka nyumba ya mama na za majirani zake.

Nilifunga duka mchana ule, nikakaa tu. Miaka tisa nilifanya kazi mkononi mwako, Fundi. Ulisimamia harusi yangu. Nilipolala na malaria ulininywesha uji kwa mkono wako. Sasa sijui nilikuwa nanyweshwa na nani.

Jumamosi nilipanda treni hadi Usoke, nikamweleza mama. Alikuwa anapukuchua mahindi. Akauliza, "Na wewe ulijua?" Nikaapa kwamba sikujua. Akasema, "Haya, mwanangu." Lakini hakuinua macho.

Hilo ndilo uliloniachia.

Wanao sitawaambia, hawana kosa. Lakini mtu akiniletea sarafu kuukuu nitamwambia yote ninayoyajua kabla ya kutaja bei, hata kama itanibidi nimpeleke kwa mnunuzi mwingine. Hiyo ni ahadi.

Lala salama, Fundi. Nitakuja kaburini kukuombea dua, siku nitakapoweza kuitamka kwa moyo. Leo siwezi.

Mwanafunzi wako,
Maganga